Karatasi zenye ziliokoa baleti

Hapa kwetu, mutu akisema "baleti", wengi wanaona kwa akili kikundi cha ngoma za mababu: wamama na vijana wenye kuvaa rafia, ngoma tatu nne, firimbi, na wakubwa wa serikali wamekaa kwenye kivuli wanapiga makofi. Leo tunaongea juu ya baleti ingine, ile ya Ulaya, yenye kuchezwa ndani ya teatri kubwa. Wanawake wanasimama kwenye ncha ya vidole vya miguu, wanaume wanaruka sawa watu wasio na uzito, orkesta inapiga, na hakuna mutu anafungua kinywa. Hadithi yote inasemwa na mwili. "Le Lac des cygnes", "Casse-Noisette", "Giselle", "La Belle au bois dormant": watoto wetu wenye kuangalia televizyo walishaona vipande vyake, hata kama hawajui majina.

Baleti zile ziko na umri mukubwa. "Giselle" ilichezwa mara ya kwanza Paris mwaka wa 1841. "La Belle au bois dormant" ilichezwa mara ya kwanza Saint-Pétersbourg, kule Urusi, mwaka wa 1890. Watu wote wenye walicheza siku zile walishakufa zamani. Na ngoma haiachi kitu nyuma yake. Muchezaji akimaliza kuruka, kile kitu kimekwisha, hakuna jiwe, hakuna mufupa wa kuokota. Namna gani basi wachezaji wa leo wanajua hatua zenye zilifanywa zaidi ya miaka mia moja iliyopita?

Sehemu moja ya jibu ni kumbukumbu ya watu. Sehemu ingine ni karatasi. Na hadithi ya zile karatasi iko na mambo mengi ndani: mapinduzi, deni, na mali ya inchi moja yenye ilienda kupatikana mbali sana na kwao. Tunafikiri familia za wachimbaji zitaielewa haraka kuliko wengine.

Muziki uko na kitabu, ngoma haina

Tuanze na muziki, kusudi tofauti ionekane. Beethoven alikufa mwaka wa 1827. Lakini kule Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste inafungua vitabu vya muziki na kupiga symphonie yake ya 9. Hakuna mwanamuziki hata mumoja wa Kinshasa alifundishwa na Beethoven. Karatasi inatosha: mistari mitano, alama nyeusi juu yake, na mwenye kujua kusoma anapata ile sauti yenye mutunzi alitaka.

Ngoma haikupata bahati ile. Kwa miaka mingi, baleti ilipita kutoka mwili mumoja kuingia mwili mwingine. Mwalimu anaonyesha, mwanafunzi anaiga. Mwanafunzi anazeeka, naye anaonyesha wengine. Kila mara kitu kidogo kinapotea: mukono wenye ulikuwa unapita chini sasa unapita juu, hatua tatu za haraka zinakuwa mbili, kwa sababu muchezaji fulani aliumia goti na akafupisha. Hakuna mutu alifanya vibaya kwa kusudi. Lakini nyuma ya miaka makumi tano, ile ngoma imekuwa ngoma ingine yenye jina la zamani.

Wasomaji wetu wa mungoti wanajua jambo hili. Kapita wa zamani anajua kila kona ya galeri: wapi maji yanatoka, wapi dari ni bovu, wapi kuko shimo la zamani lenye lilifunikwa. Akiingia pansio na kurudi mugini, anaenda na ile akili yote. Kama plani haikuchorwa, au kama ilichorwa na haiwekwe vizuri, posti ya watoto wake itachimba kwa kubahatisha. Mafundi wa baleti walijikuta mu hali ile ile. Walikuwa na wazee wenye kujua, lakini hawakuwa na plani.

Mufalme mwenye alipenda kucheza

Watu wa kwanza kutafuta dawa ya jambo hili kwa nguvu walikuwa Wafaransa. Mufalme Louis wa 14 alikuwa muchezaji yeye mwenyewe, na mwaka wa 1661 alianzisha Académie royale de danse kusudi ngoma ifundishwe kwa kanuni. Mwalimu wake wa ngoma, Pierre Beauchamp, alitafuta alama za kuandika hatua. Mwaka wa 1700, mwalimu mwingine, Raoul-Auger Feuillet, alitoa kitabu Paris chenye jina "Chorégraphie". Beauchamp alilalamika kwamba njo yeye alivumbua zile alama, lakini kitabu kilikuwa kimeshatoka na jina la Feuillet.

Tuangalie lile neno. Leo tukisema "chorégraphie" tunataka kusema hatua zenye mutu alitunga. Lakini kwa asili yake, kwa Kigiriki, ni ngoma na kuandika. Wakati wa Feuillet, koregrafi ilikuwa kazi ya karatasi.

Namna yake ilikuwa hivi: ukurasa ni chumba, sawa unakiangalia kutoka juu kwenye dari. Mustari mumoja unaonyesha njia yenye muchezaji anapita. Kando ya ule mustari, kushoto na kuume, kuko alama ndogo za muguu wa kushoto na muguu wa kuume: hapa kunja goti, hapa inuka, hapa ruka, hapa zunguka. Vikato vidogo vinakata mustari kusudi kuonyesha wapi kipimo cha muziki kinaisha. Mutu mwenye kuzoea plani ya galeri angeuelewa ukurasa ule bila shida kubwa. Ngoma mingi za wakati ule zinaweza kusomwa mpaka leo juu ya kitabu kile.

Lakini kiisha baleti ilikomaa. Wachezaji walianza kuruka juu zaidi, kusimama kwenye ncha za vidole, kutumia mikono, shingo na mugongo, na kucheza makumi pamoja kwenye jukwaa. Alama za Feuillet zilikuwa za miguu zaidi. Zikaachwa. Karne ya 19, njo wakati baleti kubwa zilitungwa, karibu yote ilichezwa bila namna moja ya kuandika yenye watu wote wanakubali. Baleti mingi za wakati ule zilikufa, na leo tunajua paka majina yake.

Kijana mwenye alisoma mifupa

Tuende sasa Saint-Pétersbourg. Mwisho wa karne ya 19, mahali pale njo palikuwa makao makubwa ya baleti mu dunia. Mutunzi mukubwa alikuwa Mufaransa, Marius Petipa, muzaliwa wa Marseille, mwenye alifika Urusi mwaka wa 1847 na kutumika kule zaidi ya miaka 50. Yeye njo alitunga "La Belle au bois dormant" na baleti zingine mingi kwa ajili ya teatri za mufalme wa Urusi.

Ndani ya kundi lile kulikuwa muchezaji kijana, Vladimir Stepanov. Hakukuwa muchezaji wa jina kubwa. Lakini alikuwa na swali moja kichwani: namna gani mwili unatembea? Alienda kusoma mambo ya mifupa na viungo vya mwili, sawa mwanafunzi wa udaktari. Mwaka wa 1892 alitoa kitabu chake Paris, kwa Kifaransa: "Alphabet des mouvements du corps humain".

Wazo lake lilikuwa rahisi. Kama muziki uko na alama zake, na kama ngoma inafuata muziki, basi tutumie alama zile zile. Alipiga mistari tisa. Miwili ya juu ni ya kichwa na kiwiliwili. Mitatu ya katikati ni ya mikono. Mine ya chini ni ya miguu. Juu ya ile mistari aliweka alama za muziki: umbo la alama linasema kitendo kinachukua muda gani, na mahali pake panasema kiungo kinaelekea wapi. Vialama vidogo viliongezwa kwa kusema kama goti limekunjwa ao mwili umegeuka. Kando yake walichora na plani ya jukwaa: nani anasimama wapi, anapita wapi.

Teatri ilikubali. Vijana wa shule ya baleti wakaanza kufundishwa kusoma na kuandika ngoma. Stepanov mwenyewe hakuona matunda ya kazi yake, kwa sababu alikufa mwaka wa 1896 mbele ya kufikia miaka 30. Mwenzake Alexander Gorsky aliendelea. Mwaka wa 1899, Gorsky alitumia maandishi yale kwa kupeleka "La Belle au bois dormant" mu teatri ya Moscou. Njo pale watu waliona kwamba karatasi iko na nguvu: baleti nzima inaweza kusafiri kutoka muji mumoja kwenda muji mwingine.

Karatasi zinavuka mupaka

Nyuma ya Gorsky, kazi iliingia mikononi mwa Nikolai Sergeyev. Tangu mwaka wa 1903 alikuwa mukubwa wa mazoezi mu teatri ile: yeye njo alikuwa analinda utaratibu wa baleti zote. Na wasaidizi wake waliendelea kuandika. Polepole zikakusanyika karatasi za baleti karibu 24.

Tusema ukweli: hakukuwa mutu wa kupendwa. Wachezaji walimuona kuwa mukali, na wengine kule Uingereza walisema kiisha kwamba hakusikia muziki vizuri. Lakini alikuwa na lile sanduku.

Mwaka wa 1917 mapinduzi yalivunja utawala wa mufalme wa Urusi. Njaa, vita, watu wanakimbia. Sergeyev aliacha teatri mwaka wa 1918, kiisha akatoka mu inchi. Alienda na karatasi zile.

Aliziiba, ao aliziokoa? Wasomaji wanaweza kujibishana. Zilikuwa za teatri, si zake. Lakini mu inchi yenye watu walikuwa wanachoma mbao za nyumba kusudi wapate moto, nani angeahidi kwamba karatasi zingepona?

Mwaka wa 1921, kule London, Diaghilev, Murusi mwingine mwenye alikuwa na kundi kubwa la baleti, alitaka kuonyesha Waingereza "La Belle au bois dormant" nzima. Sergeyev njo aliitwa na karatasi zake. Nguo na mapambo yalikuwa ya bei kali, watu hawakujaa kama alivyofikiri, na Diaghilev akabaki na deni kubwa. Lakini mbegu ilikuwa imeanguka. Mwaka wa 1924 Sergeyev alirudisha "Giselle" kwa Wafaransa mu Opéra ya Paris. Sikilizeni vizuri: "Giselle" ilizaliwa Paris, Wafaransa wakaiacha kwa miaka mingi, Warusi wakaitunza na kuiandika, na sasa ilikuwa inarudi nyumbani kwa mukono wa Murusi.

Kiisha, kule London, mwanamuke mumoja wa roho ngumu, Ninette de Valois, alikuwa anajenga kundi jipya la baleti. Uingereza haikukuwa na baleti yake kubwa. De Valois aliita Sergeyev. Mwaka wa 1934, kutoka karatasi zile, waliweka kwenye jukwaa "Giselle", "Casse-Noisette" na "Le Lac des cygnes". Mwaka wa 1939 wakaweka "La Belle au bois dormant". Nyuma ya vita vya pili, mwezi wa pili mwaka wa 1946, teatri kubwa ya Covent Garden ilifunguliwa tena na baleti ile ile, na Margot Fonteyn alicheza mbele. Kundi lile njo leo linaitwa Royal Ballet. Kutoka London baleti zile zilitembea dunia nzima. Makundi mengi ya leo yakicheza "Le Lac des cygnes", mizizi yake moja inafika kwenye lile sanduku.

Urithi unaenda kusomwa kwa wengine

Sergeyev alikufa Nice, Ufaransa, mwaka wa 1951. Karatasi ziliingia mikononi mwa muchezaji wa Uingereza, Mona Inglesby, mwenye alikuwa ametumika naye. Mwaka wa 1969 ziliuzishwa kwa universite ya Harvard, kule Marekani. Ziko pale mpaka leo.

Kule Saint-Pétersbourg, teatri ilibaki na wazee wake na kumbukumbu yao. Waliendelea kucheza baleti za Petipa, lakini miaka ikapita, na kila mwalimu aligeuza kidogo. Mwisho wa karne ya 20, muchezaji wao mumoja, Sergei Vikharev, alitaka kujua: "La Belle au bois dormant" ya mwaka wa 1890 ilikuwa namna gani? Ili kupata jibu, Warusi walipaswa kwenda kusoma mu maktaba ya Waamerika. Mwaka wa 1999, teatri ya Mariinsky ilionyesha baleti ile sawa karatasi zilivyosema, na nguo za namna ya zamani, karibu saa ine nzima. Watu wengine walifurahi sana. Wengine wa teatri ile ile walikasirika, kwa sababu walikuwa wamezoea namna yenye walifundishwa na walimu wao, na sasa karatasi ilikuwa inawaambia kwamba ya kwao haikuwa ya kwanza.

Mwaka wa 2015, mutunzi Alexei Ratmansky alirudia kazi ile na kundi moja la Marekani. Yeye alijifunza kusoma alama za Stepanov mwenyewe. Alikuta mambo yenye yalishangaza wengi: zamani muguu haukuinuliwa juu mpaka karibu na sikio kama leo, hatua zilikuwa ndogo na za haraka, na muziki ulikimbia zaidi. Uzuri wa zamani ulikuwa mu miguu yenye kusema haraka, si mu kushangaza watu na urefu wa muguu.

Sisi wa Katanga tunajua uchungu wa kwenda kutafuta kwa wengine kitu chenye kilitoka kwetu. Karte na maandishi mengi juu ya udongo wa Kongo, yenye yalifanywa wakati wa ukoloni, yako mu jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Yalilindwa vizuri, ni kweli. Lakini mwenye udongo anapaswa kuomba ruhusa ya kuyaona. Hadithi ya Sergeyev iko na pande mbili zile zile: bila yeye pengine karatasi zingekufa, na juu yake wenyewe walizikosa miaka 80.

Ngoma mbili za mutu mumoja

Kama mutu anauliza kuandika kunaleta faida gani, tumupe mufano mumoja. Vaslav Nijinsky, muchezaji mwenye kusifiwa sana mwanzo wa karne ya 20, alitunga baleti mbili zenye zilitikisa Paris. Mwaka wa 1912 alitunga "L'Après-midi d'un faune". Tarehe 29 mwezi wa tano mwaka wa 1913 ilikuja "Le Sacre du printemps", na muziki wa Stravinsky. Siku ile ya pili watu walipiga makelele ndani ya teatri mpaka wachezaji hawakusikia orkesta.

"Le Sacre" ilichezwa mara chache tu, ikaachwa. Hakuna mutu aliandika hatua zake zote. Miaka zaidi ya 70 ikapita. Mwaka wa 1987, mwanamuke mumoja wa Marekani, Millicent Hodson, na mwenzake Kenneth Archer, waliirudisha kwenye jukwaa, lakini kwa kuokota vipande: michoro yenye mutu alichora akikaa kwenye kiti chake, maneno yenye musaidizi wa Nijinsky aliandika kando ya muziki, magazeti ya wakati ule, kumbukumbu za wazee. Ni kazi ya heshima. Lakini hawawezi kuapa kwamba kila hatua njo ile.

"Faune" ilipata njia ingine. Wakati wa vita vya kwanza, Nijinsky alikuwa amezuiliwa Budapest, kwa sababu yeye ni Murusi na Urusi ilikuwa adui. Hakuwa na jukwaa, hakuwa na wachezaji. Akakaa chini, na mwaka wa 1915 akaandika baleti yake yote kwa alama zenye alitengeneza juu ya zile za Stepanov, zenye alisoma shuleni akiwa mutoto. Kiisha akili yake iliharibika na ugonjwa, na hakuna mutu alijua kusoma alama zile. Karatasi zililala mu maktaba kule London. Njo mwisho wa miaka ya 1980 wanawake wawili, Ann Hutchinson Guest na Claudia Jeschke, walipata ufunguo wake. Siku ile Nijinsky alikuwa amekufa tangu mwaka wa 1950, na bado aliweza kusahihisha wachezaji: hapa kichwa si vile, hapa mukono si vile.

Mutunzi mumoja, miaka miwili mufululizo. Ngoma moja iko na hati yake, ingine tunaikisia.

Ngoma, kazi na franga

Leo kuko namna mbili zenye kutumiwa zaidi. Ya kwanza ilizaliwa Uingereza ndani ya nyumba ya bwana na bibi. Joan Benesh alikuwa muchezaji, na bwana yake Rudolf alikuwa mutu wa hesabu mwenye kupenda kuchora. Bibi alikuwa anataabika kuandika hatua zake, bwana akaanza kutafuta alama. Mu miaka ya 1950 walitoa kazi yao. Wanatumia mistari mitano ya muziki, lakini kila mustari ni sehemu ya mwili: wa juu ni kichwa, kiisha mabega, kiuno, magoti, na wa chini ni udongo. Ni sawa muchezaji amesimama nyuma ya mistari ile. Tangu mwaka wa 1960 Royal Ballet iko na watu wenye kazi yao ni kuandika tu: wanakaa kwenye mazoezi na kalamu, na mwaka wenye kufuata, ile karatasi njo inafundisha wachezaji wapya.

Namna ya pili ni ya Rudolf Laban, mwenye alitoa alama zake mwaka wa 1928. Zake zinasomwa kutoka chini kupanda juu. Umbo la alama linasema upande, rangi yake inasema kama ni juu, katikati ao chini, na urefu wake unasema muda. Habari moja ya Laban inagusa wafanyakazi. Alitoroka Ujerumani akafika Uingereza, na wakati wa vita vya pili, pamoja na enjenieri F. C. Lawrence, aliingia mu mafabrike. Wanaume walikuwa vitani, wanawake wakachukua kazi nzito. Laban aliangalia mwili wa mufanyakazi kama alivyoangalia mwili wa muchezaji: wapi anapoteza nguvu bure, wapi mugongo unateseka. Aliwafundisha kuinua mizigo kwa kutumia mwendo wa mwili wote, si kwa nguvu ya mikono tu. Mwaka wa 1947 wawili wale walitoa kitabu juu yake. Kila mwenye alishika pau mwaka mzima anajua kwamba Laban hakukosea: kazi ya mikono iko na hatua zake, na mwenye kuzijua anarudi nyumbani na mugongo muzima.

Kuko tena jambo la franga. Kitabu kiko na mwenyewe, wimbo uko na mwenyewe. Lakini ngoma yenye haikuandikwa, utaonyesha nini mbele ya sheria? Mwaka wa 1952, kule Marekani, mutunzi Hanya Holm aliandikisha ngoma zake za "Kiss Me, Kate" kama mali yake, na hati yenye alileta ilikuwa karatasi za alama za Laban. Ilikuwa mara ya kwanza kule. Karatasi ilikuwa imefanya ngoma kuwa mali yenye mutu anaweza kutetea.

Si video inatosha?

Mutu atasema: leo kila kijana iko na telefone, tunapiga video, mambo yamekwisha. Video inasaidia, na makundi yote ya baleti yanaitumia. Lakini video inaonyesha mutu mumoja, siku moja, kutoka upande mumoja. Kama siku ile aliteleza, mwenye kuiga ataiga kuteleza. Kama mwingine alisimama mbele yake, hatua zake hazionekane. Karatasi inasema kile mutunzi alitaka. Video inasema kile kilifanyika. Ni sawa plani ya galeri na picha ya galeri: enjenieri anataka zote mbili, lakini hachimbi na picha tu.

Karatasi nayo iko na shida zake. Mu zile za Harvard, mara mingi waliandika miguu na njia za jukwaa, mikono wakaiacha wazi, kwa sababu wakati ule kila mutu "alijua" mikono inakaa namna gani. Leo hakuna mwenye anajua. Kitu chenye wote wanajua njo chenye hakuna anaandika, na njo chenye kinapotea wa kwanza. Tena alama bila musomaji ni michoro tu: "Faune" ililala miaka zaidi ya 70 kwa kukosa musomaji. Kwa hiyo kundi lenye akili linatunza vitu vitatu pamoja: muzee mwenye kukumbuka, karatasi, na kijana mwenye anafundishwa kuisoma.

Mwaka wa 2021 UNESCO iliweka rumba ya Kongo kwenye liste ya urithi usioshikika wa binadamu, na sisi wote tulifurahi. Lakini jina kwenye liste haifundishe mutoto hatua. Na ngoma za mugini zenye wazazi wetu walikuja nazo mu makambi ya wafanyakazi, wengi wenye walizijua vizuri wako na miaka zaidi ya 70. Hatusemi kila familia ijifunze alama za Benesh. Lakini siku ya Mungu, kijana anaweza kukaa karibu na muzee na kaye ya masomo, na kuuliza: muguu gani unaanza? Ngoma gani inaita kugeuka? Wanawake wanaingia upande gani? Na mikono je? Aandike hata mambo yenye yanaonekana kuwa ya bure, sababu kila mutu anayajua. Hasa yale.